Darasa la Mwalimu Alinanuswe

Nilinyoosha mikono juu pamoja na wenzangu, nikayumba kushoto, nikayumba kulia, lakini macho yangu hayakumfuata mwalimu. Yalikuwa mlangoni, kwa mume wangu. Zubery alikuwa ameketi kando ya gramafoni yetu, kofia imekaa sawa kichwani kama ya mtu aliyekuja kusikiliza mawaidha. Nilitaka kujua anamtazama nani.

Ulikuwa mwaka 1974, mwezi wa sita, baridi ya Mbeya imeshika kwelikweli. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, watoto watano, na mwili nilioubeba huku na huko bila kuufikiria. Mwalimu Alinanuswe alikuwa amehamia kutoka Iringa mwanzoni mwa mwaka kuja kufundisha michezo shuleni. Kila Jumanne na Alhamisi jioni aliwakusanya akina mama kwenye ukumbi wa maendeleo, akawachezesha viungo kwa santuri za rumba. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyosikika ukumbi mzima.

Gramafoni aliazimwa na Zubery. Mimi aliniambia ameipeleka kwa fundi. Aliyenieleza ukweli ni jirani yangu Roza, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo.

"Mzee wako ana moyo wa kujitolea," alisema, akichambua mchicha. Hakuinua uso, na huko kutoinua uso ndiko kulikonichoma.

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa na maana. Mafuta mapya ya nywele. Shati lililopigwa pasi Jumanne tu na Alhamisi tu. Duka lake la vitambaa kufungwa saa tisa, na mwenye duka ni mtu ambaye hata akiwa na homa alikuwa akiuza. Nilipekua mifuko yake, nikaona aibu, nikapekua tena.

Hatimaye nikamwambia, "Nesi kasema nina presha. Nitaanza mazoezi ukumbini."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe chake. "Mama Chiku, watu watasemaje? Mtu mzima kurukaruka."

"Si utakuwepo? Utawaeleza."

Hakuwahi kuniambia kwamba anakaa pale. Wala hakuniuliza nimejuaje.

Basi nikaenda, suruali ya mwanangu chini ya gauni, khanga kiunoni, nikachagua mstari wa nyuma ili niwaone wote wawili. Mwalimu alipokuja kuninyoosha mgongo niliukaza kama ubao. Nikaona haniangalii usoni. Nikalitia hilo moyoni pamoja na mengine.

Kilichonishangaza ni magoti yangu. Wiki ya kwanza yalilia, wiki ya pili yakanung'unika, na wiki ya tatu yakajua wimbo. Siku moja santuri iliisha upande mzima nami sijatazama mlangoni hata mara moja. Nilirudi nyumbani nimejikasirikia, kama mlinzi aliyesinzia zamu. Lakini usiku ule nililala vizuri kuliko miezi yote iliyotangulia.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu, na gramafoni haipo. Mwalimu alisema tutapiga makofi wenyewe. Tulipomaliza aliniomba nibaki. Alingoja Roza atoke, akafunga mlango.

"Gramafoni nimempelekea mzee dukani jana," alisema. "Alipeleka posa kwa kaka yangu, Rungwe. Mimi nimesikia juzi. Alimwambia kaka kwamba wewe umekubali."

"Sikukubali. Sijaulizwa."

"Nilijua. Unavyonitazama siyo kama mtu aliyeulizwa." Alikunja taulo lake mara mbili. "Nimekataa. Usinishukuru, mama. Sikukataa kwa ajili yako. Sitaki tu."

Kwa majuma matano nilikuwa nimemtayarishia maneno makali mwanamke huyu. Niliyatafuta pale, hakuna hata moja lililomfaa. Nilimuuliza tu kama Jumanne mazoezi yapo.

"Yapo," alisema.

Nyumbani nilimkuta Zubery sebuleni, mikono mapajani, hasomi, hasikilizi redio. Nilimwekea chai.

"Ulimwambia kaka yake kwamba nimekubali."

Alikisogeza kikombe kando. "Ningekuuliza, ungekataa," alisema.

Lilikuwa neno la kweli la kwanza aliloniambia mwaka ule. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Tuliishi pamoja miaka kumi na sita mingine, mpaka nilipomzika, na hakuoa tena. Mifuko yake sikuipekua tena. Watu walidhani nimemsamehe. Ukweli ni kwamba sikumwamini hata siku moja baada ya hapo, ila niliacha kumlinda, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Jumanne iliyofuata nilijifunga khanga saa tisa na nusu. Zubery alikuwa amerudi mapema, amekaa palepale.

"Unakwenda?" aliuliza.

"Nakwenda."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya bati. Nikavuta mlango, nikatembea haraka, kwa sababu mwalimu alikuwa akianza saa kumi kamili na hakupenda mtu achelewe.