Asali kwenye Mguu wa Mama Upendo

Weee, hii hutaiamini. Hata mimi nisingeiamini kama nisingeiona ile video. Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Kuna dada anaitwa Upendo, anaishi Mafiga, chumba na sebule, ukuta mmoja na mashine ya kusaga unga. Mama yake, Scholastika, ni mkulima wa karoti na kabichi kule juu milimani. Alishuka mjini na kidonda cha kisukari chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Alikanyaga kisiki asisikie kitu, akaja kushtukia damu kwenye ndala.

"Mguu wenyewe umelala siku nyingi," alikuwa anasema huku anacheka. "Hata ukiupigia debe hauamki."

Kliniki wakamsafisha, wakampa dawa, wakampiga sindano. Kidonda badala ya kufunga kikawa kinatanuka. Mwisho Daktari Hafidha akamwambia, "Mama, tuonane Jumatatu. Kikiwa bado kinapanda, tunakata chini ya goti. Nikikiacha hivi, kitakuua."

Chini ya goti! Mtu ambaye shamba lake limesimama wima kama ukuta! Walipofika mlangoni Mama akasema, "Upendo, kwetu kule hata mbuzi mwenye miguu minne anateleza."

Basi Upendo akapagawa. Simu haikutoka mkononi. Kwenye kundi la ndugu kuna mtu akatuma sauti, mtu mwenyewe hajulikani: paka asali mbichi kila jioni, kidonda kinafunga, hao madaktari wanakimbilia kukata tu. Upendo akatafuta asali mbichi kutoka Matombo, chupa nzima. Kila jioni anafungua bandeji ya hospitali, anamimina, anafunga na kipande cha khanga. Upendo hakumwambia daktari. Angeanzaje?

Sasa sikiliza. Asubuhi khanga inakutwa imechanika. Asali hakuna, pamekauka kabisa. Na kidonda kimeongezeka, pembeni kama pamepunguzwa kwa mkasi. Mlango una komeo. Mama anasema, "Nimelala fofofo, sijasikia kitu."

Akaja Mjomba Gervas, kaka yake Mama, na kwa Waluguru mjomba akisema, ukoo umesema. Akainama, akaangalia, akaziba pua.

"Hiki si kidonda. Kuna mtu anakuja usiku kuchukua nyama."

"Mtu gani, Mjomba?"

"Huyo anayewaletea uji asubuhi ni nani?"

"Paskalia? Jirani yetu?"

"Mimi sijataja mtu."

Hakutaja, lakini ameshataja. Kesho yake Paskalia kaja na bakuli lake, "Mama kaamkaje?", Upendo kalipokea, na uji wote kaenda kuumwaga chooni. Usiku akawa anaogopa kulala na anaogopa kukesha.

Jumamosi akapata wazo. Mama alikuwa analala kwenye godoro chini, kitandani hapandi, na taa ndogo ya sola haizimwi. Upendo akaegesha simu juu ya ndoo, akaichomeka kwenye chaji, akabonyeza kurekodi. Halafu akajifunika shuka gubigubi, rozari mkononi.

Asubuhi khanga imechanika tena.

Ile video ndani hakuthubutu kuiangalia. Alitoka nayo uani, juani kabisa, kengele ya kanisa inalia na watu wanapita na nguo za Jumapili. Akawa anaisogeza mbele kwa kidole. Hakuna kitu. Mama anahema. Hakuna kitu. Halafu kona ya khanga ikatikisika.

Panya. Tena panya buku, lile dude! Halikuja mbio. Lilikuja taratibu kama lina ufunguo wa nyumba, likanusa, likavuta khanga kwa meno, likaanza kulamba asali. Likalamba, likalamba, mpaka ikaisha. Na ilipoisha halikuondoka.

Mama amelala. Hata mguu hakuuvuta. Wanasema panya anakung'ata huku anakupuliza ili usisikie. Huyu wala hakuhangaika kupuliza.

Upendo alitapika palepale. Halafu likamjia wazo moja baya kuliko panya: bandeji nilifungua mimi. Asali nilimimina mimi.

Hawakungoja Jumatatu. Upendo na mjomba walimbeba Mama mpaka hospitali. Daktari Hafidha akaitazama video, akairudia.

"Asali uliweka wewe?"

"Ndiyo, dokta."

"Ipo asali ya kutibia vidonda, imeandaliwa maalumu. Wewe uliweka chambo." Kisha akaweka vidole juu ya mguu, akasikilizia mapigo. "Damu bado inafika huku chini. Ndiyo maana nilikuwa sielewi kwa nini hakisikii dawa."

Akawaeleza. Njia ya kwanza, kesho anakata kama walivyopanga, na hatari inaishia hapo. Ya pili, anatoa kidole kilicholiwa tu, anasafisha, anaufunga mguu plasta ngumu, ile wanayoiita hogo, ili kidonda kisiguswe, na Mama analazwa, hakanyagi chini hata kwenda chooni. Ila sumu ikipanda humo ndani, watakata juu ya goti. Au watachelewa.

"Kata, daktari," mjomba akasema. "Panya kashaonja."

Mama akamgeukia mwanae. "Upendo, mguu ni wangu lakini macho ni yako. Wewe umeuona ukiliwa, mimi sijausikia. Sema wewe."

Upendo akautazama ule mguu. Kosa lake, na sasa uamuzi wake! Akasema kwa sauti ndogo, "Tujaribu kuuokoa."

Mjomba akatoka nje bila kuaga.

Halafu hofu ndiyo ikaanza upya, maana hogo halina dirisha. Upendo akawa ananusa. Anaingia wodini, shikamoo haijaitikiwa, ameshainamia mguu ananusa. Mchana mmoja Mama akamshika mkono kwa nguvu. "Upendo. Unauma."

Mguu ule? Unauma? Upendo akakimbia korido nzima anamwita daktari. Msumeno wa kukatia plasta ukalia, vumbi jeupe likaruka, Upendo kafumba macho, anasubiri harufu. Akasikia mjomba, aliyekuwa amerudi kimyakimya, anasema, "Eh!"

Akafumbua. Nyama nyekundu, safi, kingo zimesogeleana. Plasta ndiyo ilikuwa inambana Mama juu kwenye muundi.

"Nimesema unauma!" Mama akafoka. "Mnachekelea nini?"

Mlimani hajapanda bado, na ana viatu vyake maalumu. Lakini mguu upo. Upendo alimrudishia Paskalia bakuli lake, akasimama mlangoni analia, Paskalia anauliza kuna nini, na yeye hawezi kumwambia kwamba alimdhania mchawi.

Sasa wewe niambie. Asali umemimina wewe, mjomba anasema kata, mama anakutazama machoni anasubiri. Ungesemaje?