Jina la Duka la Mapazia

Mama wa fundi mapazia aliwaogopa matapeli kuliko nyoka, na woga huo akamrithisha bintiye huyo. Kila ikiingia barua pepe ya mtu wasiyemjua, alipaza sauti toka jikoni: "Futa, mwanangu! Dunia imeharibika." Binti akawa anafuta.

Asubuhi moja mteja akapiga simu. "Dada, umefunga duka? Nakutafuta mtandaoni naletewa wenzio tu."

Binti akafungua tovuti yake, akakuta ukurasa mtupu wenye maneno machache: jina hili limeisha muda. Kumbe zile barua walizozifuta zilitoka kwa kampuni iliyowasajilia jina la duka kuwa anwani ya tovuti, ikiwakumbusha walilipie tena.

Mama akayasoma maneno yale mara mbili. Jina la duka lilikuwa la marehemu mumewe. "Na akilichukua mtu mwingine?"

Binti akaipigia kampuni. "Bado tumewashikia," akajibiwa. "Mngechelewa kidogo tu, lingeuzwa kwa yeyote."

Wakalipia, na kufikia jioni tovuti ikarudi. Lakini anayetafuta mapazia mtandaoni aliendelea kuonyeshwa maduka mengine kwanza. La kwao lilikuwa chini kabisa, likipanda mwendo wa kobe.

Siku hizi barua ikiingia, mama huacha sufuria akaja mwenyewe. "Usibonyeze kitu, wala usifute. Wapigie kwanza, kwa namba tunayoijua sisi."

"Mama, hii ni ya shangazi."

"Hata kama. Mpigie."