Ubani wa Bibi Tome

Uongo wa Kaoruko Hatanaka ulikuwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "asante".

Alilitamka redioni mjini Sendai, wiki mbili kabla singo yake ya tatu haijatoka. Wimbo ulikuwa umekwisha kupigwa, ule wa bibi anayemenya matunda ya kaki na kuyatundika chini ya upenu mpaka yakauke, ukakasi wake ugeuke sukari. Mtangazaji akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya asali, "Bila shaka bibi yako huko aliko mbinguni anausikia." Bibi Tome alikuwa hai, Kaminoyama, katika nyumba ya kutunzia wazee, pengine akigombania rimoti saa ile ile. Lakini matangazo yalikuwa ya moja kwa moja, na kumsahihisha mwenyeji wako mbele ya watu wote ni kumvua nguo. Kaoruko akainamisha kichwa, kana kwamba redio ina macho, akasema asante.

Kesho yake vikaratasi vya matangazo vilikuwa vimekwisha kuchapwa.

"Mimi sikuandika kwamba kafa," Onodera, meneja wake, alijitetea. "Nimeandika 'bibi aliyemlea'. Watu wenyewe ndio waliomzika."

"Basi tuwaambie wamfukue."

"Kaoruko, nisikilize. Singo ya kwanza walinunua ndugu zako. Ya pili hata ndugu walichoka. Hii, watu wanapiga simu redioni wakilia. Na kampuni imeshasema, isipotembea hii, hakuna ya nne. Wewe leo unataka kumfufua bibi katikati ya safari?"

Kaoruko alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kumi kati ya hiyo alikuwa ameimba mbele ya friji za samaki madukani, na kwenye kumbi za hoteli za maji moto ambako watu hula huku wakimpa mgongo.

Jumatatu, siku mbili kabla singo haijatoka, alimpigia bibi yake simu.

"Nyumba ya marehemu Tome, karibu," ilijibu sauti ya upande wa pili.

Kaoruko aliiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Usinyamaze, we mtoto. Redio tunayo huku. Okuyama wa chumba cha pili amekuja kunipa pole ya kifo changu mwenyewe. Nikamwambia kaa tunywe chai, matanga ni marefu."

"Bibi, nisamehe. Nitasema ukweli."

"Kwani wimbo unatembea?"

"Unatembea."

"Basi niache nife kidogo. Kwa miaka tisini na mmoja tofauti ni ndogo. Ila ukija niletee betri za redio. Maiti wa huku wanasahauliwa."

Kibali kilikuwa hicho, na kimetoka kwa mwenyewe. Kilipaswa kumtua mzigo. Badala yake Kaoruko alilala akikigeuzageuza kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Jumanne CD ziliingia dukani, siku moja kabla ya siku rasmi ya kutoka, kama ilivyo desturi ya maduka yote ya muziki. Yeye na Onodera walianzia mjini Yamagata, kwenye duka la Bi Yoshie, mama mfupi ambaye matangazo yake huyaandika kwa mkono, kwa kalamu nene, na hasifu asichokipenda. Safari hii alikuwa ameandika: Kwa kila aliyebaki na kiti kitupu mezani. Kaoruko alikisoma kibao kile mara mbili, akapanda juu ya kreti la bia lililopinduliwa mlangoni, akaimba.

Baada ya wimbo ilifuata mikono. Anunuaye CD hupewa tiketi, na tiketi ni kushikana mkono na mwimbaji kwa kadiri ya kuhesabu mpaka tano. Onodera alisimama pembeni, kazi yake kumsogeza kwa kiganja begani yeyote anayeganda. Foleni ilipita mbele ya duka la tofu na kupinda kona. Foleni ya namna hiyo Kaoruko alikuwa ameiona kwa wenzake tu.

"Pole sana, dada." "Na mimi bibi yangu alikuwa hivyo hivyo." "Jikaze." Kila mkono ulimpa pole, naye kila pole aliilipa kwa kuinama. Alikuwa anazoea, na kule kuzoea ndiko kulikomtisha.

Ndipo akafika mzee mmoja, kofia mkononi, amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha zambarau.

"Binti, mimi si mtu wa nyimbo," alisema. "Naitwa Iwabuchi. Mke wangu alitundika kaki kila Novemba. Mwaka huu nimetundika mwenyewe, zikaota ukungu zote. Nimemletea bibi yako ubani. Sisi wafiwa tujuane."

Alifungua kitambaa, akamkabidhi kasha kwa mikono miwili. Ubavuni pameandikwa jina lake na anwani yake, kwa wino mweusi, herufi za mtu asiye na haraka.

Kasha lilikuwa jepesi, lakini mikono ya Kaoruko ilishuka. Pole ni maneno, huinamiwa yakapita. Ubani huingia nyumbani. Aliyeupokea lazima ajibu: barua ya shukrani kwa niaba ya marehemu, na zawadi ya kurudisha. Alijiona amekaa mezani akimwandikia mzee huyu tarehe ya kifo. Angeandika tarehe gani?

Kiganja cha Onodera kilikuwa kimeshafika begani kwa mzee.

"Mwache," Kaoruko alisema. "Mzee, bibi yangu hajafa. Yuko Kaminoyama. Ana miaka tisini na mmoja, na amenuna kwa sababu ya betri za redio."

Onodera akacheka peke yake. "Anatania, jamani. Uchovu wa safari."

"Sitanii." Aliigeukia foleni. Hakuchukua kipaza sauti. "Redioni niliambiwa bibi yuko mbinguni, nikasema asante. Nilipaswa kusema hapana. Wimbo ni wake, lakini yuko hai. Aliyenunua kwa ajili ya msiba, arudishe."

Bi Yoshie, mlangoni, alitikisa kichwa taratibu kukubali. Kisha akakiondoa kibao chake, akaingia nacho ndani.

Mama mmoja wa koti la kijivu ndiye aliyeanza. Aliweka CD yake mezani, kifudifudi, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza, akaondoka bila neno. Wakamfuata wengine, mpaka ile kona ya foleni ikanyooka. Kaoruko aliwainamia wote, mmoja mmoja.

Mzee Iwabuchi hakusogea.

"Asubuhi, mbele ya picha yake, nimemwambia mke wangu nakwenda kwa mfiwa mwenzangu," alisema. "Kumbe nimemdanganya marehemu."

"Nimekudanganya mimi. Yeye umemwambia ulichokijua." Akamnyooshea kasha.

Mzee alilitazama, asilipokee. "Ubani ukishatoka nyumbani haurudi." Akavaa kofia, akaivua tena. "Huyo bibi bado anatundika kaki?"

"Mikono imegoma kumenya. Siku hizi anaelekeza kwa mdomo, tena kwa matusi."

"Zangu zimeota ukungu kwa nini?"

"Ulizichovya kwenye maji yanayochemka kabla ya kuzitundika?"

"Maji gani tena?"

"Yamo kwenye ubeti wa pili."

"Ubeti wa pili sikuusikia," mzee alisema. "Nilikuwa nalia."

Waliobaki kwenye foleni walitazama chini. Mmoja aliguna, mguno wa mtu anayezuia kicheko. Kaoruko alimuuliza mzee jina la mkewe, naye akalitaja, polepole: Setsu. Akaondoka na CD yake.

Stesheni, Onodera hakumtazama. "Kampuni watapiga kesho," alisema. "Simu utapokea mwenyewe."

"Nitapokea."

Kaminoyama, Bibi Tome alitia kwanza betri kwenye redio, akaijaribu, ndipo akanusa kasha. "Msandali. Kumbe nimekufa vizuri."

"Si wako, bibi. Ni wa Setsu."

"Setsu yupi?"

Kaoruko akaeleza yote: redio, foleni, mama wa koti la kijivu, kaki zilizoota ukungu. Bibi yake alisikiliza bila mzaha hata mmoja, na huyo hakuwa Bibi Tome wa kila siku. Mwishowe alijiweka sawa kola, akaomba kiberiti kwa muuguzi, akapewa pamoja na onyo. Akawasha kijiti kimoja cha ubani, akakichomeka kwenye kikombe chenye mchele, akaunganisha viganja.

"Setsu," alisema, "mumeo hakujua habari ya maji. Msamehe."

Moshi ulipanda wima, kisha ukayumba.

"Na wimbo je?" aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Pengine ndio mwisho, bibi."

Bibi Tome akajivuta mezani, akalisogeza kasha mpaka anwani ikaingia kwenye mwanga.

"Ubani ukipokewa unajibiwa," alisema. "Lete kalamu. Na usiniandikie wewe, aone mwandiko wangu. Nitamwambia sekunde kumi kwenye maji yanayochemka, zisizidi."