Mzee Aliyekuja Bila Mdomo

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, Paulina alikuwa kibarazani kwake Ipagala akichambua majani ya mlenda, mzee mmoja akaingia getini. Alivua viatu, akaketi kwenye benchi. Uso hakuwa nao. Alikuwa na masikio tu.

"Huyo ni babu," alisema Devota, bintiye anayesoma chuo. "Bado hajakamilika."

Mwezi uliopita Devota alikuwa ametuma mate ya mama yake kwenye maabara ya vinasaba. Paulina ana miaka arobaini na saba, na maisha yake yote, palipoandikwa jina la baba, alijaza jina la mjomba. Majibu yalirudi na ndugu mmoja wa mbali wa Chemba, ambaye damu yake ilitosha kumpa mzee masikio tu.

"Mpe maji basi."

"Atanywea wapi, mama?"

Mzee akawa anakuja kila alasiri. Alipopatikana binamu aliye muuguzi Singida, mzee alifika na pua na macho mekundu kidogo. Paulina aliyatazama, kisha akaenda kujitazama kwenye kioo cha chumbani.

Binamu ndiye aliyewaelekeza kwa Obedi, dalali wa mahindi Kibaigwa. Obedi alikubali kupimwa ili maneno yaishe. Majibu yakasema yeye na Paulina ni watoto wa baba mmoja, marehemu Raphael, aliyeendesha lori la kokoto Mtera bwawa lilipokuwa likijengwa. Tereza, mama yake Paulina, aliwapikia wafanyakazi huko.

Siku hiyo mzee alikuja na mdomo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Ulijua kwamba nimezaliwa?"

"Siku ya tatu. Mama yako alimtuma dereva mwenzangu aniambie. Nikamwomba aseme hakunikuta."

Paulina aliifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea. Mama yake alikufa akiamini kwamba ujumbe ule haukumfikia. Akachukua simu, akampigia Obedi.

"Karatasi nimeiona, dada," Obedi alisema. "Siwezi kubishana na karatasi. Lakini baba ametuacha watoto sita. Kaburini tumeandika sita, na saruji imeshakauka. Tusifukue mambo."

"Baba mwenyewe yuko hapa."

"Naelewa. Msalimie."

Paulina akamsogezea mzee simu. "Mwambie wewe. Sema tuko saba."

Mzee aliitazama simu, akageuzia uso wake mpya upande wa geti.

"Obedi ana hasira za karibu," alisema kwa sauti ya chini. "Tusimsumbue."

Simu ilikatika. Devota akaleta maji ya kunawa, kisha ugali na mlenda. Paulina alimmegea baba yake tonge la kwanza, kama anavyofanyiwa mgeni mzee. Mzee alikula vizuri, akaomba aongezewe.