Jumapili ya Kukaa Chini

Ibada ilipokwisha, Christiane hakuwa na sauti ya kumjibu mtu. Alimshika baba yake mkono, akamketisha kwenye kiti chake cha mbao, kisha akaenda kusimama nyuma ya banda la kanisa akinywa maji kwa mafunda madogo madogo. Koo lilimuuma kana kwamba limekwanguliwa kwa kijiko.

Baba yake, mchungaji Zéphirin, ambaye kanisa zima lilimwita Tatu, yaani Baba, alihubiri kwa Chiluba, lugha aliyokuja nayo kutoka Kasai. Christiane alisimama kushotoni mwake akiigeuza kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Tatu akinyanyua mkono, naye anyanyue. Tatu akifoka, naye afoke. Alianza kazi hiyo angali msichana, wakati watoto waliozaliwa Lubumbashi walipoanza kusinzia kanisani kwa kutoelewa kitu. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa shule ya msingi pale Hewa Bora, anayepaza sauti juma zima mbele ya darasa lililofurika, halafu anaipaza tena Jumapili. Tangu alipoianza kazi hiyo hakuwahi kukaa kitako kanisani. Wengine walikuja wamechoka, wakakaa, wakahubiriwa, wakaenda zao wamepata nafuu. Yeye alitamani jambo hilo moja tu, na aliona haya kulisema, maana lilionekana dogo mno.

Hapo nyuma ya banda ndipo walipomfuata Djo na Kiki. Djo aliuza simu katika soko la Kampemba. Kiki aliongoza kwaya na kinywa chake hakikuwa na kifuniko. Wote wawili walikuwa watoto wa Wakasai, wote wawili walizaliwa hapa.

"Yaya Christiane," Djo akaanza, akimwita dada mkubwa kama wote, "shiye tunatoka."

"Munaenda wapi?"

"Hapana mbali. Tunafungua kanisa yetu. Tulisha kupata depo moja ya unga karibu na soko, mwenyewe anatuachia kila Jumapili. Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kusema neno mara mbili."

"Juu ibada ya Tatu iko murefu, yaya!" Kiki akadakia. "Mungu mwenyewe anasikia neno moja mara mbili, anaangalia saa."

Christiane akacheka bila sauti kutoka.

"Na Tatu? Mulimuambia?"

Djo akatazama viatu vyake. "Njo tunataka weye umuambie."

"Mumuambie benyewe. Miye minachoka kuwa kinywa ya bantu."

"Aa, yaya! Ile kinywa njo ilitulea," alisema Kiki. "Tangu butoto, kwa masikio yangu Mungu iko na sauti ya mwanamuke. Siku moja nikasikia mutu anasoma Biblia kwa radio, nikauliza: uyu ni nani anaiba maneno ya yaya Christiane?"

"Njo maana tunataka weye uhubiri," Djo akasema, sasa bila mzaha. "Kule hakuna wa kutafsiri. Utasema yako."

"Halafu nitakaa wakati gani?"

Wakacheka, wakidhani anatania. Christiane hakuwa na nguvu za kuwaeleza. "Tutaona," akasema. Dada mkubwa akikuambia tutaona, amekukatalia kwa upole; lakini Djo alikuwa mfanyabiashara, na riziki yake ilitokana na kusikia ndiyo mahali isipokuwapo. Kabla ya juma kwisha, bango la kitambaa lilining'inia kwenye lango la depo, lile ghala la unga, na herufi zake nyekundu zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara: MUHUBIRI, MAMA CHRISTIANE.

Wauza makaa ndio waliomfikishia Tatu habari.

Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika kama kawaida. Christiane alisonga bukari kwenye mbabula, jiko la makaa, uani, na Tatu akaketi karibu na moto. Mzee alizungumza kwa Chiluba, Christiane akamjibu kwa Kiswahili. Ndivyo ilivyokuwa siku zote katika nyumba ile, na hakuna aliyeona ajabu.

"Nasikia jina lako limetundikwa langoni kwa watu," Tatu alisema.

"Hakuna mutu niliituma, Tatu."

"Lakini utakwenda."

Christiane akamwekea bukari na sahani ya matamba, majani ya muhogo, akammiminia maji ya kunawa.

"Ukuye na weye," akasema. "Uhubiri kule, Kiswahili unakijua. Kwa soko unabishana na bamama bei ya samaki mpaka banachoka, banakuachia."

"Sokoni ni sokoni." Tatu alikung'uta mikono yake. "Mwaka ule Wakasai tulipofukuzwa huku Katanga, waliosimama mlangoni petu wakituambia tuondoke hawakusema kwa Kifaransa. Kule stesheni tulipolala tukingoja treni nilimzika mdogo wako, na aliyeniuzia maji ya kumwoshea alinitukana kwa Kiswahili. Niliporudi Lubumbashi nikasema sawa, nitauza nacho, nitanunua nacho. Kwa Mungu sitakwenda nacho."

Christiane alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alichokumbuka ni gunia la nguo alilokalia tu. Lakini hadithi yenyewe aliijua neno kwa neno. Tatu aliisimulia mimbarani mara nyingi, na kila mara yeye ndiye aliyeigeuza. Na kila mara alipofika kwenye tusi hakutaja lilitolewa kwa lugha gani. Alisema tu kwamba walitukanwa. Vijana waliokuwa mabenchini hawakuwa na lugha nyingine, na hakuona sababu ya kuwaambia kwamba vinywa vyao ni vichafu.

"Kuna mahali unaruka," Tatu akasema ghafla.

Mkono wa Christiane ukasimama juu ya sahani.

"Mimi mzee, si kiziwi. Nikisema ninyi mliozaliwa huku mmeoza, wewe unasema ninyi mliozaliwa huku, Mungu awakumbuke. Unadhani sisikii?"

"Sasa juu ya nini haukunizuia?"

"Ningekuzuia, wangebaki?" Tatu alimega tonge, akalichovya taratibu. "Mimi nilipata pa kumwagia hasira yangu, wao wakapata chakula. Wewe ndiye uliyebaki jikoni."

Makaa yalilia kidogo ndani ya mbabula. Christiane aliona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Tatu, minachoka. Kule kwako minachoka, na kule kwa Djo nitachoka vilevile. Nataka tu kukaa. Jumapili moja tu. Nikae kwa kiti, mutu ahubiri, miye nisikie."

Tatu alichovya tonge jingine. "Matamba yamekosa chumvi," akasema.

Jumapili ya kwanza, depo ilikuwa imefagiliwa mara mbili, lakini unga ulioingia katika nyufa za sakafu haukukubali ufagio. Kila watu walipocheza, uliamka. Wimbo wa pili haujaisha, suruali zote zilikuwa nyeupe hadi magotini.

"Munaona?" Kiki alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Batakatifu, tulisha kuvaa nguo ya mbinguni, na bado hatuyakufa!"

Watu wakacheka, wakaimba tena. Walikuja wengi kuliko viti vya plastiki vilivyokodiwa: vijana wa soko, wenye watoto mgongoni, wanafunzi wa chuo waliozoea kusimama mlangoni kwa Tatu wakichezea simu. Kisha Djo akamkabidhi Christiane kipaza sauti, na kelele ikatulia.

Alikuwa amejiandaa, maana bango lilikwisha kuahidi kwa jina lake. Alisimama juu ya chaga la mbao lililofanywa mimbari, akafungua Biblia, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Hakuwa na woga. Nyuso zile alizijua zote. Alikuwa anangoja. Shingo yake iligeuka yenyewe kuume, mahali Tatu aliposimama siku zote, ili sentensi itoke kwanza huko. Huko palikuwa na ukuta na alama za magunia.

Djo alidhani mtambo umeharibika. Akauchukua, akaupuliza. "Alo? Alo?"

"Iko muzima," Christiane akamwambia kwa sauti ya chini. "Miye njo siko. Hubiri weye."

"Miye? Yaya, sikutengeneza kitu!"

"Telefone unauzisha kila siku bila kutengeneza. Hubiri."

Akashuka. Katika safu ya tatu mama mmoja aliondoa mkoba wake kwenye kiti, naye akakaa.

Djo alihubiri vibaya. Alianza na Ibrahimu, akampoteza njiani. Alirudia maneno, alifuta jasho kwa mkono wenye unga, paji la uso likabaki na michirizi. Halafu akaacha Biblia ikiwa wazi, akasimulia jinsi alivyokwenda Kasai kumzika babu yake, na jinsi shangazi zake walivyokicheka Chiluba chake, wakamwita mtoto wa Katanga. "Nikarudia huku," alisema. "Huku banauliza: kwenu ni wapi? Kule niko mugeni, huku niko mugeni. Nikamuambia Yesu: na weye ulizaliwa kwa safari, basi twende wote."

Mtu mmoja akaitikia amina, kisha wengine. Christiane hakuitikia. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na uchovu wa miaka yote ulikuja ukakaa naye kitini. Alikuwa anahubiriwa. Alisinzia kidogo, akazinduka, akakuta Djo bado anasema na hakuna alichomkosesha mtu kwa kusinzia kwake.

Kelele za viti zilimfanya ageuke. Tatu alikuwa mlangoni, na fimbo yake na koti la kijivu. Bila mtafsiri, ibada yake ilikuwa imekwisha katika nusu ya muda, naye akaja kwa miguu. Djo alimkimbilia.

"Tatu! Karibu. Utubariki."

Mzee alipandishwa kwenye chaga. "Moyo wenu," akawasalimia kwa Chiluba, nao wakamjibu, maana salamu waliijua wote. Kisha akatamka sentensi moja ya Chiluba, akanyamaza, akimwachia Christiane nafasi yake kama kawaida.

Nafasi ikabaki wazi. Vichwa vikageuka. Kiki akamwonyesha mimbari kwa kidevu. Christiane alihisi miguu ikijikusanya kutaka kuinuka, akashika kingo za kiti kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira na mtu. Nguvu za kusimama tu ndizo hazikuwapo.

Tatu alimtazama, naye akamtazama. Miaka yote kanisani Christiane alimjua kwa sikio moja na upande mmoja wa uso. Kumbe kwa mbele alikuwa amezeeka hivi.

Mzee alikohoa. "Batoto," akasema.

Watu wa nyuma wakasogea mbele.

"Kiswahili yangu ni ya soko. Musiicheke." Kiki, ambaye angecheka hata matangani, alikaza midomo. "Banatufukuza, tukarudia. Mweye mulizaliwa hapa. Hapa njo kwenu." Alikuwa akilitafuta kila neno kwa mguu, kama avukaye mto kwa kukanyaga mawe. "Mungu abalinde mukitoka, abalinde mukiingia. Na uyu mutoto wangu, mumuache akae."

Midomo ya Christiane ilikuwa ikichezacheza kwa mazoea, ikimfuata. Lakini hapakuwa na kitu cha kugeuza, kilikuwa kimeshafika. Akaifunga. Wote waliposema amina, yeye aliisema peke yake, amechelewa kidogo.

Baadaye watu walitoka kupiga soga barabarani chini ya bango lenye jina lake, na Djo akamsindikiza Tatu kivulini. Kiki alianza kukusanya viti, maana vilikuwa vya kukodi na mwenyewe alikuwa keshafika na mkokoteni. Alipofika safu ya tatu akauvuta kidogo mgongo wa kiti.

"Yaya. Kiti."

"Anza na bya bengine," Christiane akamjibu, na hakuinuka.