Jeneza la Opicho

Nani alisema jeneza likae nje? Shangazi Namalwa, nani mwingine! Fundi alilileta Ijumaa asubuhi kwa mkokoteni hadi kwa kina Nafula, mtaani Umoja, na shangazi akaziba lango, mikono kiunoni. Jeneza tupu haliingii kwa walio hai, litatafuta mwingine. Haya, likawekwa kwenye nyasi kando ya barabara. Kisha pasta akaita watu ndani kwa maombi ya safari, akawaita wote, hata kijana Wamalwa aliyepewa kazi ya kulilinda. Na pasta yule akianza hajui kumaliza. Walipofumbua macho, lori la kanjo, hao askari wa jiji, lilikuwa limelibeba.

"Wamesema ni mali iliyoachwa mahali pa umma," muuza mboga aliwaambia. "Nikasema lina wenyewe. Wakauliza, wako wapi? Nikasema wanaomba."

Saa sita Nafula alikuwa bohari ya kanjo, jasho likimtiririka, mbele ya karani aitwaye Kivuva. Marehemu Opicho, kaka yake, alikuwa bado mochari. Basi la kuwapeleka Bungoma pamoja na maiti lingeondoka saa nane, kaburi lilikwisha kuchimbwa, mazishi kesho. Bohari nayo ikifungwa leo haifunguliwi hadi Jumatatu.

Kivuva hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Nafula zaidi. Angalau mtu mbaya unamtukana ukapumua.

"Pole sana, dada. Lakini mali hutolewa kwa mwenyewe, aje na kitambulisho na risiti."

Nafula akaipiga risiti mezani. Fundi, kwa adabu zake, alikuwa ameandika: Jeneza la Bw. Opicho.

"Ndiwe Opicho?"

"Opicho amekufa!"

"Basi siwezi. Juzi nilimpa mtu kabati la mwenziwe, nusura nifutwe kazi. Mwenyewe aje."

"Utamwita kutoka wapi, wewe?"

"Dada, sikuiandika mimi sheria."

Jamani! Nafula akaikwapua risiti yake. Akatoka hadi kwa Patrobas, dereva wa pikapu waliyokodi.

"Twende mochari. Anamtaka mwenyewe, tumletee mwenyewe."

Mochari nako walibishana naye, lakini siku hiyo hakuna aliyemweza. Saa saba na nusu pikapu ikaingia bohari. Opicho alikuwa amefungwa shuka nyeupe, amelazwa juu ya godoro, Wamalwa akimshikilia kichwa kisigongwe. Nafula akaweka kitambulisho cha marehemu mbele ya karani.

"Mwenyewe huyo hapo nje. Kamuulize."

Kivuva akachungulia dirishani, akavua kofia. Alikwenda mwenyewe kulitoa jeneza kati ya vibanda vilivyobomolewa, akalipangusa vumbi kwa leso yake, na wakati wa kumwingiza Opicho akashika upande wa miguu. Lakini karani ni karani. Alirudi kwenye daftari lake, na palipotakiwa habari za mwenye mali akaandika: Amefika.

Nafula alilisoma neno hilo. Hasira za tangu asubuhi zikamtoka zote kwa pamoja, akabaki na kilio ambacho hakuwa amepata nafasi ya kukilia tangu Jumanne, kaka yake alipokata roho. Akalia pale pale, mbele ya karani, bila haya.

"Hajafika," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Kwao ni Bungoma. Tufungulie lango."