Saa Nne Ipi?

Kipeperushi cha ofisi kilikuwa na maneno manne juu ya picha ya mchanga mweupe: "Jasho kidogo, hofu hakuna." Aliyeyatunga alikuwa mpangaji wa safari, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu ambaye wenzake walimwita Bi Ratiba, kwa kuwa hata chai aliinywa kwa mpangilio: sukari kwanza, majani baadaye, na funda la mwisho daima saa mbili na robo asubuhi. Kazi yake ilikuwa kumpangia mtu wa mjini wiki moja kisiwani, wiki yenye ujasiri wa kadiri: atembee msituni lakini asipotee, apige kasia lakini asizame, achoke kiasi cha kupata la kusimulia akirudi. Walioogopa bahari walipewa mchanga, na walioogopa milima wakapewa baiskeli.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Ndani mlikuwa na meza mbili, feni iliyolia kila ilipogeukia dirisha, kabati la chuma, na kule nyuma chumba cha kioo cha Mkurugenzi, ambaye aliwaona wote nao wakamwona, ila hakuna aliyependa kutazamana naye. Meza ya mlangoni ilikuwa ya mpokezi wa wageni. Huyo walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Asubuhi moja ya Jumanne, mzee alipanda ngazi polepole, akasimama mlangoni mpaka pumzi zikatulia. Shati lake lilifungwa vifungo hadi kooni, na saa yake ya mkononi aliivaa uso ukiwa upande wa kiganja.

"Bi Ratiba, una mgeni," Redio alinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi duka la dawa. "Amevaa kama anakwenda kuapishwa."

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae."

"Marahaba, binti." Mzee aliketi. "Hunikumbuki?"

Bi Ratiba alimtazama vizuri, akatikisa kichwa kwa aibu.

"Nilikaa benchi la pili, siku uliyotoa ushahidi."

Kalamu ilitulia mkononi mwake. Ndipo alipomtambua. Alikuwa baba wa yule mwalimu wa chekechea.

Mwaka mmoja na miezi miwili ilikuwa imepita. Mwalimu yule alikuja mwenyewe na fomu yake aliyoijaza kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa za kueleweka na watoto. Palipouliza kama anajua kuogelea, aliandika HAPANA, akachora uso unaocheka pembeni. Ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu aanze kazi. Siku ya tano ya wiki ile, wasafiri sita na kiongozi wao walivuka kwa miguu ukanda wa mchanga unaounganisha kisiwa na kijisiwa maji yanapokupwa. Walivuka wakati bahari inarudi. Kiongozi aliwatoa watano mmoja mmoja, akarudi majini mara mbili kumtafuta wa sita. Alitoka mikono mitupu, na kwa mikono hiyohiyo mitupu akafungwa miaka minne kwa uzembe.

"Pole, mzee," Bi Ratiba alisema. "Sijui niseme nini."

"Usiseme. Andika." Mzee alikunjua kipeperushi kilichochakaa kwenye mikunjo. "Nataka wiki ileile mliyompangia mwanangu. Siku saba kama zilivyokuwa, usiongeze wala usipunguze. Mtu mmoja."

"Mzee, tuna safari nyingine za—"

"Gereza limeniandikia barua. Yule bwana ameomba apunguziwe kifungo, wanauliza kama familia ina neno. Neno ninalo. Ila sitaki kuliandika nikiwa nimekaa kwenye kochi na hasira zangu. Nataka nikanyage alipokanyaga mwanangu, ndipo niandike nikijua ninachokisema."

"Na utaandika nini?"

"Kwamba akae humo hadi siku ya mwisho, na kama ingewezekana kuongeza, waongeze." Aliyasema bila kupandisha sauti. "Wewe nakushukuru. Siku ile wengine walijikanyaga, lakini wewe ulisimama ukasema wazi: 'Niliandika saa nne asubuhi.' Nilirudi nyumbani nikakuombea dua."

Bi Ratiba aliinuka akaenda kabatini. Droo ya chini haikufunguka mpaka uisukume kwa nyonga, naye aliisukuma kuliko ilivyohitaji. Jalada la safari ile lilikuwa chini kabisa, chini ya majalada yasiyokuwa na sababu ya kuwa juu yake. Hakuwa amelishika tangu mambo yale yatokee. Mahakamani ilikwenda taarifa aliyoiandika kwa kumbukumbu, Mkurugenzi akisimama nyuma ya kiti chake na kumwambia aandike kama ilivyokuwa, nayo ilikuwa saa nne asubuhi. Nakala ya kiongozi ilikwenda na mkoba wake majini. Wasafiri walikuwa na kipeperushi tu.

Alirudi, akafungua, akaanza kunakili.

"Siku ya kwanza, boti inaondoka saa tatu."

"Tatu ipi?"

"Ya asubuhi, mzee."

"Basi andika tisa kamili. Nimeendesha treni miaka thelathini na mmoja, binti. Relini tunahesabu saa ishirini na nne, kila moja na jina lake. Ukishakuwa na saa nne mbili, una treni mbili kwenye reli moja."

"Hata ndoa nyingine ziko hivyohivyo, mzee wangu," Redio alidakia kutoka mlangoni, na mzee, kwa mara ya kwanza, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Wakaenda hivyo. Siku ya pili, msituni. Siku ya tatu, makasia katikati ya mikoko. Siku ya nne, miwani na mrija kwenye maji yasiyopita kifua. Kila saa aliyoitaja, mzee aliiuliza ni ipi, na kila mara Bi Ratiba alitazama karatasi ya zamani, akaona kwamba imekwisha kuandikwa kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane, kama ofisi ilivyotaka kwa ajili ya wageni wa nje. Kazi yake ilikuwa kusoma tu.

"Siku ya tano," mzee alisema, akaacha kuegemea kiti.

"Chai, saba na nusu. Kuvuka mchanga kwa miguu, saa nne—"

"Nne ipi?"

"Ya asubuhi."

Aliinamisha macho athibitishe, kwa mazoea tu. Chai: 7:30. Kuvuka mchanga hadi kijisiwani: 4:00. Vitafunwa, kisha kurudi kwa boti. Chakula cha jioni: 7:00.

Alisoma tena. Akapanda hadi siku ya kwanza, akashuka hadi ya saba. Saa zote za karatasi ile zilikuwa za Kizungu. Mstari mmoja tu ulikuwa wa Kiswahili, na haukuwa na "asubuhi" wala alama yoyote ya kumwonya msomaji. Mtu aliyeanza na saba na nusu ya chai, akafika kwenye nne, angesoma nini ila nne ya alasiri, saa kumi, jua likianza kuwa zuri?

Feni ililia ikigeukia dirisha. Alikumbuka simu. Nahodha mzee wa kule kisiwani alipiga kelele kushinda upepo: "Anzeni saa nne, mama! Saa nne maji yanakukimbia. Mkichelewa, yatakukimbiza!" Bi Ratiba alicheka, akakipenda kile kisilabi kidogo kilichogeuza bahari nzima, na huku simu ameibana kwa bega, akaandika 4. Baadaye alipiga chapa alichokiandika.

Kiongozi hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa milimani, akaajiriwa kwa ujuzi wake wa misitu, na wiki ile ilikuwa ya pili kwake kisiwani. Bahari hakuijua, aliijua karatasi. Mahakamani alisema: "Karatasi yangu ilisema nne, na saa zake zote zilikuwa za Kizungu." Mwendesha mashtaka akauliza kama mwanamume mzima hawezi kutofautisha asubuhi na jioni, na watu wakacheka. Bi Ratiba naye alicheka, kidogo, kama mtu anayefunika kikohozi.

"Mzee, nipe dakika moja," alisema. "Kuna jambo nalihakikisha."

Mkurugenzi aliitazama karatasi bila kuishika. Hakuuliza ni nini.

"Imekosewa," Bi Ratiba alisema. "Nimekosea mimi. Yule mtu alifuata nilichoandika."

"Kumbe hukuwa unajua?" Mkurugenzi aliinua uso, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Mimi nilidhani unajua. Nilidhani tunanyamaza pamoja."

Bi Ratiba alishika ukingo wa meza.

"Mdogo wako yuko mwaka wa ngapi chuoni?"

"Wa pili."

"Uuguzi ni kazi nzuri, amalize. Na mama, miguu inaendeleaje?" Hakungoja jibu. "Maji yakimwagika hayazoleki, Bi Ratiba. Mwandikie mzee saa nne asubuhi, tena kwa herufi kubwa. Aende, arudi salama, aandike barua yake, na sote tupumzike. Hiyo niachie." Alinyoosha mkono.

Bi Ratiba aliwaona mama yake na mdogo wake katika vile vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mikate: mama akisugua magoti kwa mafuta, mdogo akikariri majina ya mifupa kwa sauti. Aliuona pia ule mkono ulionyooshwa. Ulikuwa msafi, umekatwa kucha vizuri, nao ulisubiri bila haraka, kama mkono wa mtu anayerudishiwa kilicho chake.

"Sijamaliza kuinakili," alisema, akatoka nayo.

Mzee alikuwa amekaa vilevile. Bi Ratiba aliigeuza karatasi imwelekee, akaisukuma mbele yake.

"Baba," alisema, na neno "mzee" halikumjia tena. "Soma siku ya tano. Soma kama mnavyosoma relini."

Mzee alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, kuanzia juu.

"Saba na nusu. Chai. Nne kamili..." Kidole kilisimama. Kikarudi juu kwenye chai, kikashuka. "Nne kamili, baada ya saba na nusu. Hiyo ni kumi na sita."

"Ndiyo, baba."

"Yule bwana alivuka kumi na sita kwa sababu aliandikiwa kumi na sita."

"Ndiyo."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Na mahakamani?"

"Nilisema nilichokusudia, sikusema nilichoandika. Sikufungua jalada nikatazama. Sikutazama mpaka leo."

"Hukutazama." Mzee alivua miwani, akaikunja, akaikunjua. Chini, kwenye duka la dawa, mtu aliomba dawa ya kikohozi cha mtoto, na kila neno lilisikika.

"Treni zikigongana," mzee alisema hatimaye, "wa kwanza kukamatwa ni dereva, kwa sababu ndiye aliyepo. Aliyempa ishara ya kupita yuko mbali, anakunywa chai. Nilikuwa nawafundisha vijana hivyo. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu." Aliiweka miwani mezani. "Siku ya hukumu mkewe alinifuata kwenye ngazi, mtoto mgongoni. Akapiga magoti. Nilimwambia neno, binti, ambalo mzazi hamwambii mzazi mwenziwe. Nikamwombea mwanawe yaliyompata wangu."

Bi Ratiba alitaka kusema samahani, lakini akaliona neno lilivyo dogo, akaliacha. Laiti mzee angempiga kofi, angejua pa kuuweka uso wake. Mzee hakumpiga wala hakumtazama.

"Fomu mpya unayo?"

"Ninayo."

"Andika. Siku ya kwanza, gerezani. Wageni wanaruhusiwa saa ngapi?"

Bi Ratiba alinyanyua simu, akagundua kwamba namba ya gereza haijui. Kwa miezi kumi na minne hakuwa na haja ya kuijua.

"Saa tatu, Jumatano na Jumamosi," Redio alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ambayo ofisi ile haikuwahi kuisikia. "Mwende na kitambulisho. Kaka yangu yuko humo."

Redio aliinama akaanza kupanga vipeperushi mezani kwake.

"Tatu ipi?" mzee aliuliza.

"Ya asubuhi, baba," Bi Ratiba alijibu. Akaandika 9:00, akaandika "asubuhi" mbele yake, akapiga mstari chini ya neno hilo. Kisha akauliza swali lililofuata kwenye fomu, kwa kuwa ndilo pekee ulimi wake ulilolijua.

"Idadi ya wasafiri?"

Mzee alisimama. Alifunga kifungo cha mkono wa shati, akageuza saa yake na kuisoma.

"Wawili," alisema. "Na karatasi hiyo utaibeba wewe. Utamwonyesha wewe. Mimi nina ya kwangu ya kumwambia."

Nyuma yao mlango wa kioo ulifunguka, na sauti ya Mkurugenzi ikamwita, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Bi Ratiba aliikunja karatasi ya zamani mara mbili, akaitia kifuani ndani ya blauzi. Kisha akainama, na kwenye nafasi iliyokuwa wazi akaandika: wawili.